Alihama Keja Mchana, Usiku Akaosha Detroit

Kuhama keja si mchezo. Unajua vile mwisho wa mwezi hukuwa: mkokoteni umejaa hadi godoro linabusu lami, wodrobu imekwama kwa ngazi, na landlodi amesimama kwa geti anahesabu balbu. Jioni ukifika base mpya hauna nguvu hata ya kutundika neti. Unataka chapo ndondo, kisha ulale.

Desemba 28, 1944, huko Montreal, Kanada, msee anaitwa Maurice Richard alishinda siku nzima akibeba vitu vya nyumba. Na njeve ya Desemba ya huko si hii ya Limuru unavaa hudi unaisahau. Jioni akafika uwanjani amekwisha, akawaambia wenzake leo wasimtegemee. Halafu akaingia kwa barafu, akafunga mabao matano na kutengeneza mengine matatu. Detroit walienda home wamekula tisa kwa moja. Kwa hiyo ligi ya NHL, ligi ya hoki ya barafu, hakuna mtu alikuwa amewahi kuokota pointi nane kwa gemu moja.

Jina lake la mtaa lilikuwa Rocket. Timu yake ni Montreal Canadiens, ama Habs ukitaka kusound kama msee wa huko. Wana Kombe la Stanley mara 24, na hakuna timu imewafikia. Lakini sijakuja kukuhesabia vikombe. Kilichonishika kwa hii stori ni lugha.

Timu ya wenye wanaongea vibaya

Kama uliwahi kuvalishwa diski shuleni juu umebonga Sheng, kaa hapa karibu, hii ni yako.

Montreal ya zamani, watu wengi walikuwa wanaongea Kifaransa. Lakini benki, viwanda na ofisi kubwa zilikuwa za wenye wanaongea Kiingereza. Mfaransa wa mtaa akifungua mdomo kwa duka kubwa, angeweza kuambiwa aongee kizungu. Na hapo anayetusi ni mzungu, na anayetusiwa pia ni mzungu! Lugha ikitaka kukupanga kwa foleni, haihitaji hata rangi.

Canadiens walianzishwa Desemba 4, 1909, kuwa timu ya hao Wafaransa. Mwenye alitoa ganji ndio atakuchekesha: Ambrose O'Brien, mtoi wa familia ya migodi kutoka Ontario, wala si Mfaransa. Jamaa aliona tu biashara. Mji umegawanyika, kila upande upewe timu yake, geti itajaa. Na hesabu yake ilitiki. Januari 5, 1910, wakacheza gemu ya kwanza, wakashinda Cobalt saba kwa sita kwa muda wa ziada. NHL yenyewe ilizaliwa miaka saba baadaye, 1917, kwa hoteli hapo hapo Montreal. Yaani timu ni mkubwa wa ligi.

Hata jina Habs lina vituko. Ni kifupi cha neno la Kifaransa la wakulima wa kitambo wa Quebec, watu wa mashambani. Wasee huamini ile herufi H iko katikati ya jezi inasimamia hilo neno. Zii. H ni ya hoki tu. Lakini stori ilishaenea, na watu waliipenda. Kuitwa mshamba ukageuza likawa jina la heshima, hiyo ni akili ya mtaa. Mashabiki wa K'Ogalo na Ingwe wataelewa bila kuchorewa: kuna timu unaishangilia, na kuna timu inakutaja wewe na watu wa kwenu.

Barafu ilivyokula wenyewe

Miaka ya kwanza ilikuwa ngori. Kipa wao Georges Vézina alikuwa hajakosa gemu hata moja toka 1910. Novemba 1925 akasimama golini na homa kali, kipindi kimoja, akashindwa. Ilikuwa TB. Machi 1926 akaenda. Leo kipa bora wa NHL hupewa tuzo yenye jina lake. Kabla yake, 1919, fainali huko Seattle ilisimamishwa juu ya ile homa kubwa ya dunia, na Joe Hall wa Canadiens akafia huko huko. Mwaka huo kombe halikuwa na mwenyewe.

Halafu Howie Morenz. Huyu alikuwa na spidi ya mat ya Rongai saa kumi na moja jioni. Januari 1937 akavunjika mguu vibaya akiwa mchezoni. Machi 8 akadedi hospitalini, miaka 34. Mazishi yakafanyiwa ndani ya uwanja wa Forum, jeneza pale pale alikuwa anachezea, maelfu wamejaa viti na hakuna anayepiga kelele. Uwanja wenye huwa umechizi, siku hiyo kimya.

Mtoi wa reli

Hapo ndio anaingia Rocket. Mbuyu yake alifanya kazi kwa reli, na yeye mwenyewe alikuwa fundi wa mashine. Kama mmelelewa Makongeni ama Muthurwa, hiyo familia mnaijua, ni ile tu bila barafu. Alianza na Canadiens msimu wa 1942-43, akavunjika mguu, wasee wakasema huyu ni mfupa laini. Msimu wa 1944-45 akafunga mabao 50 kwa gemu 50. Hakuna mtu alikuwa amewahi.

Kiingereza hakikuwa kinamtoka vizuri. Wapinzani walikuwa wanamtusi juu ya Ufaransa wake gemu nzima, na yeye alijibu kwa njia mbili: bao ama ngumi. Hiyo ya pili ndio ilimletea shida.

Machi 13, 1955, huko Boston, Hal Laycoe akamchapa Rocket na fimbo kichwani. Damu. Rocket akamrudishia, na refa msaidizi alipomshika, akala ngumi pia. Bosi wa ligi, Clarence Campbell, mtu wa Kiingereza na ofisi yake iko Montreal, akatoa hukumu: Rocket nje msimu wote uliobaki, na mtoano wote. Kwa Wafaransa hiyo haikuwa hukumu ya hoki. Ilikuwa ile sauti ya ofisini wanaijua toka wazaliwe.

Machi 17, Canadiens wanacheza na Detroit pale Forum. Campbell ameshauriwa asikuje. Akakuja, na akakuja akiwa amechelewa, kila mtu akamwona vizuri akitafuta kiti. Mayai. Nyanya. Msee mmoja akamfikia akamchapa. Halafu bomu la kutoa machozi likalipuka ndani na watu wakaanza kukohoa. Kimenuka. Gemu ikasimamishwa, Detroit wakapewa ushindi, umati ukamwagika barabara ya Sainte-Catherine, vioo vya maduka vikapasuka, karao wakashika makumi ya watu.

Kesho yake Rocket akaenda kwa redio. Akaongea na watu wake kwa lugha yao: tulieni, nitakubali adhabu, mwaka ujao nitarudi tutafute kombe. Mji ukatulia siku hiyo hiyo. Gava na karao wote walikuwa wameshindwa, fundi wa mashine akaweza na sentensi chache.

Kuna kapointi kadogo hapo kanauma. Rocket alikuwa anaongoza orodha ya pointi za ligi, kitu hajawahi kushinda maisha yake yote. Akiwa nje, mwenzake Bernie Geoffrion akampita, 75 kwa 74. Unajua mashabiki wa nyumbani walifanya nini? Walimzomea Geoffrion. Msee anafungia timu yake, anazomewa na watu wake. Mapenzi ya mtaa hayana hesabu.

Tano mfululizo

Ahadi ya redio ilitimizwa, na chenji juu. Canadiens walibeba kombe 1956, 57, 58, 59 na 60. Mara tano bila kupumzika, na hadi leo hakuna timu imerudia.

Kwa hiyo mbogi kulikuwa na Jean Béliveau, gentlemani wa viwango vingine. Huyu alikuwa amejichezea poa Quebec na hakuwa na haraka ya kuja. Canadiens wakafanya nini? Wakanunua ligi nzima yenye alikuwa anacheza, ndio wampate. Umekataa kuuza kuku, nanunua ploti. Alishinda kombe mara kumi kama mchezaji, na Henri Richard, brathe mdogo wa Rocket, alimaliza na 11.

Golini alisimama Jacques Plante, kipa mwenye alikuwa anajifumia kofia zake za sufi. Siku hizo makipa walidaka na uso mtupu, na ile paki ni raba ngumu imegandishwa, inakuja kama jiwe la manamba. Novemba 1, 1959, huko New York, Andy Bathgate akampasua usoni. Plante akaenda kushonwa, akarudi na maski, akasema bila hii sichezi. Kocha Toe Blake hakuwa anaitaka, aliona ni uoga na itamziba macho. Lakini kipa wa akiba hakukuwa. Wakashinda tatu kwa moja, na Plante akaendelea kuivaa maski. Kila kipa unamwona leo na sura ya simba imechorwa kwa maski, mshukuru msee aliyejua kufuma.

Wakili, nywele na jicho

Miaka ya 70 ilikuwa sherehe. Kipa Ken Dryden alikuja akiwa anasomea sheria McGill, akacheza gemu sita tu za ligi, kisha akapewa mtoano wa 1971 mzima. Akabeba kombe na tuzo ya mchezaji bora wa mtoano. Walipokosana juu ya doo, akahepa msimu mzima akaenda kufanya kazi kwa ofisi ya mawakili. Baadaye akakuwa hadi waziri.

Mbele alikuwa Guy Lafleur, bila helmeti, nywele za blondi zinapepea nyuma kama pazia la dirisha la mat. Misimu sita mfululizo alifika mabao 50. Msimu wa 1976-77 walicheza gemu 80 za ligi, wakapoteza nane pekee. Kombe likakaa kwao miaka minne, 1976 hadi 1979.

Halafu Patrick Roy, kipa mwenye alikuwa anabonga na miti ya goli kama mabeste zake. Mtoano wa 1993, Canadiens walishinda gemu kumi mfululizo kwa muda wa ziada. Kwa fainali, dhidi ya Los Angeles ya Wayne Gretzky, Roy alidaka, kisha akamkonyezea mpinzani jicho. Hilo ndio kombe lao la 24. Desemba 2, 1995, Detroit wakamfunga tisa, kocha akamwacha golini aaibike. Alipotolewa, akapita mbele ya kocha, akainama kwa rais wa klabu aliyekuwa amekaa nyuma ya benchi, akamwambia hiyo ni gemu yake ya mwisho Montreal. Siku chache baadaye akauzwa Colorado, na msimu huo huo akabeba kombe huko. Kiburi cha bosi ni bei ghali.

Rangi pia ilikuja

Januari 18, 1958, mchezaji wa kwanza mweusi wa NHL, Willie O'Ree wa Boston, aliingia kwa barafu mara ya kwanza. Wapi? Forum, dhidi ya Canadiens, na Boston wakashinda. Miaka mingi baadaye P.K. Subban, mtoi wa wazazi wa Karibiani, akavaa jezi ya Habs yenyewe, 2013 akatajwa beki bora wa ligi, na 2015 akaahidi kuchangisha dola milioni kumi kwa hospitali ya watoto ya Montreal. Mwaka uliofuata walimuuza Nashville, na mji ukanuna.

Na usiseme hayo ni mambo ya mbali. Hapa Nairobi tuna Kenya Ice Lions, wamefunzwa kwa kabarafu kadogo ka Mombasa Road. Wapinzani wa kucheza nao hawakuwa, kwa hivyo walijigawanya wakachapana wenyewe. 2018 wakapelekwa Kanada, wakacheza gemu yao ya kwanza na timu nyingine, na upande wao wakapewa Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Kama huwajui, ni kama ucheze mechi ya mtaani Kayole, Messi akuje akuulize unataka akae namba gani.

Mkono wa Rocket

Machi 11, 1996, Forum ilifungwa. Baada ya gemu ya mwisho, makepteni wa zamani walipanga laini kwa barafu kupitisha mwenge kutoka mzee hadi kijana. Jina la Rocket likaitwa. Mzee wa miaka 74 akatokea, na uwanja wote ukasimama. Dakika moja, mbili, tano, makofi hayaishi. Kuna wengi hapo hawakuwa wamezaliwa akicheza.

Yule mtu wa ngumi akaanza kulia. Akainua mkono kuwaomba watulie, vile aliwaomba kwa redio 1955. Ile mara ya kwanza walimskia. Hii walikataa.