Kidonda cha mbwa si cha kupakwa oili

Mbwa wa ulinzi akirudi alfajiri akichechemea, wengi husema atajilamba, atapona. Wengine humpaka oili chafu ya gari. Hiyo ni sumu, kwani mbwa huilamba na kuimeza.

Kidonda cha kuumwa na mbwa mwenziwe ndicho hatari zaidi. Juu huonekana tundu dogo la jino, kumbe ndani nyama imechanika na uchafu umeingia. Ngozi huziba upesi na usaha hutunga chini yake.

Mfunge mdomo kwa kitambaa, ila kama anahema kwa shida, maana hata mbwa mpole huuma akiwa na maumivu. Kata manyoya ya kando, kisha osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kidogo cha chumvi. Usitie spiriti; huunguza nyama inayopona. Wala usimpe ibuprofen, dawa ya watu, ambayo huweza kumtoboa tumbo na kuharibu figo.

Mkague asubuhi na jioni. Uvimbe kidogo siku ya kwanza si ajabu. Lakini ukizidi, pakawa na joto, pakatoka usaha au harufu mbaya, naye akakataa chakula, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Aliyeumwa na mbwa asiyejulikana apelekwe mara moja, hata kama alichanjwa awali, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Nawe uliyemwosha, mate yakiingia kwenye mchubuko wako, nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali bila kungoja dalili.