Kilo Zinazopungua Ni Kilo za Nini?

Mgonjwa wa kisukari aina ya pili anayeanza sindano ya semaglutaidi, ile inayouzwa kwa jina la Ozempic, huona mabadiliko mezani mapema: ugali aliokuwa akiumaliza sasa unabaki nusu sahani. Dawa huiga homoni ya utumbo iitwayo GLP-1. Huchochea kongosho kutoa insulini sukari inapopanda, huchelewesha chakula kutoka tumboni, na huutuliza ubongo usiendelee kudai chakula.

Tatizo ni kwamba mizani haisemi kilichoondoka. Sehemu kubwa ya uzito unaopungua ni mafuta, lakini robo yake hivi, pengine zaidi, si mafuta, na humo imo misuli. Kwa mwenye kisukari hasara hiyo ni kubwa, kwa kuwa misuli ndiyo inayofyonza sehemu kubwa ya sukari baada ya mlo.

Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2021 unaonyesha mchango wa mazoezi hapa. Watu 195 wenye unene uliokithiri, wasio na kisukari, walianza na wiki 8 za mlo wa kalori chache. Kisha baadhi walipewa mazoezi, wengine liraglutaidi, ambayo ni dawa ya kundi moja na semaglutaidi, wengine vyote viwili, na waliobaki dawa bandia. Baada ya mwaka, waliochanganya walikuwa wamepunguza asilimia ya mafuta mwilini takriban mara mbili ya waliotumia kimojawapo. Ufuatiliaji wa baadaye ulionyesha kwamba matibabu yaliposimama, waliotegemea dawa peke yake walirudisha kilo nyingi kuliko waliokuwa wameichanganya na mazoezi.

Wenye kisukari, kwa kawaida, hupungua kidogo kuliko wasio nacho. Kwa hiyo kujilinganisha na jirani aliyeyeyuka kwa sindano hiyohiyo ni kujitesa bure.

Sasa sahani. Hamu ikikatika na kichefuchefu kikiwepo, kinachopita kooni kirahisi ni chai ya sukari na andazi, na hapo ndipo wengi hupotea. Tumbo lenye nafasi ndogo lapaswa kuanza na protini: dagaa, maharage, mayai, samaki au mtindi usiotiwa sukari. Mboga zifuate, ugali au wali uje mwisho. Maji ya kutosha na mboga hizo husaidia pia choo, maana kufunga choo ni kero ya kawaida ya dawa hizi.

Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Kutembea peke yake hakutoshi. Kuinuka kitini mara kadhaa bila kushika mikono ya kiti, au kusukuma ukuta, ni mwanzo mzuri usiohitaji jimu.

Anayetumia pia insulini au vidonge vya kisukari vya glibenklamaidi ana hatari nyingine: akila kidogo na kutembea sana, sukari inaweza kushuka hadi atetemeke na kutoka jasho jingi. Daktari huweza kupunguza dozi hizo sindano inapoanza. Mgonjwa asijipunguzie mwenyewe, na glukosi isikosekane mfukoni. Macho nayo yachunguzwe kabla ya kuanza dawa, kwa sababu sukari iliyokuwa juu kwa miaka ikishushwa ghafla, madhara yaliyokwisha kuingia kwenye retina yanaweza kuzidi kwa muda.