Jina la Kisukari Limetuficha Kitambi

Mtoto wa mfugaji katika Garissa hahitaji kwenda shule ili ajue kwamba nundu ya ngamia haina maji ndani yake. Ameiona ikipasuliwa siku ya karamu, akayaona mafuta meupe yaliyoshikana, tena anafahamu kwamba ngamia aliyenusurika kiangazi kirefu hurejea nundu yake imelegea na kulalia upande. Amemwona pia kondoo wa Kisomali, yule mwenye kichwa cheusi na mwili mweupe, akitembea na shehena ya mafuta makalioni. Kwa watu wa Garissa, Wajir na Mandera, mafuta ni akiba ya siku ya dhiki, na mnyama aliyenona ni fedha iliyosimama kwa miguu minne.

Wanasayansi nao, kwa miaka mingi, hawakuwa na mengi zaidi ya hayo ya kusema. Vitabu vya biolojia vilivyotumiwa na kizazi chetu vilieleza kwamba mafuta yaliyo chini ya ngozi ni ghala la nishati na kinga ya baridi, basi. Ghala halisemi. Hupokea na kutoa, likakaa kimya.

Ukimya huo ulivunjwa mwezi wa Desemba, mwaka 1994, pale Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walipotangaza kwamba wamegundua jeni ya homoni inayotolewa na mafuta yenyewe na kwenda hadi ubongoni kuarifu kwamba akiba ipo, njaa ipunguzwe. Waliiita leptini, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya wembamba. Mwaka uliofuata, Philipp Scherer na Harvey Lodish, waliokuwa wakifanya kazi Massachusetts, walieleza protini nyingine itokayo katika seli za mafuta, na mwaka 1996 watafiti wa Osaka, Japani, wakaifikia protini iyo hiyo kwa njia yao. Hii ndiyo iliyokuja kuitwa adiponektini. Tangu hapo mafuta yamehesabiwa kuwa tezi, sawa na kongosho au tezi ya shingo. Na tezi ni kiungo kinachotuma ujumbe.

Ili tuuelewe ujumbe wa adiponektini, hatuna budi kuanza na insulini, homoni ya kongosho. Mtu akisha kula, sukari huingia katika damu, nayo insulini hupita kama bawabu ikibisha hodi kwenye seli za misuli na mafuta ili zifungue milango na kuipokea. Huliamuru ini pia liache kumwaga sukari yake katika damu. Katika baadhi ya miili hodi hiyo husikika kwa shida. Seli huwa zito wa kusikia, na ini huendelea kumwaga sukari kana kwamba halikuambiwa kitu. Hali hii ndiyo ukinzani wa insulini. Kongosho, likiona hivyo, huongeza mabawabu. Kwa miaka mingi kipimo cha sukari katika damu huonekana cha kawaida, ilhali nyuma ya pazia kiungo hiki kinafanya kazi ya watu wawili. Siku kinapochoka ndipo tunaposema kwamba fulani ameshikwa na kisukari, kana kwamba ugonjwa umeingia jana.

Adiponektini ni msaidizi wa bawabu huyo. Hulifikia ini na kulizuia lisitengeneze sukari kupita kiasi. Huifikia misuli na kuihimiza iunguze mafuta. Lakini hapa pana jambo la kustaajabisha. Leptini huongezeka kadiri mafuta yanavyoongezeka, jambo ambalo lina mantiki. Adiponektini, iliyo zao la mafuta yayo hayo, hupungua mtu anapozidi kunenepa, na hasa mafuta yanapojikusanya ndani ya tumbo, baina ya matumbo na kuzunguka ini. Anapopunguza uzito kwa kiasi cha kutosha, hupanda tena. Mwaka 2009 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 13 na watu zaidi ya 14,000: wenye adiponektini nyingi zaidi walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kupata kisukari cha aina ya pili.

Mwanafunzi makini atauliza mara moja: je, upungufu huo ni chanzo au ni dalili tu? Swali ni zuri, nalo halijafungwa. Majaribio ya panya yanaelekeza kwenye chanzo. Uchunguzi wa jeni za binadamu uliofanywa baadaye haukuunga mkono hoja hiyo kwa nguvu, na wapo wanaoshikilia kwamba ukinzani wa insulini wenyewe ndio unaoishusha adiponektini. Yamkini kila kimoja hukivuta kingine.

Kisa cha rezistini kinatufundisha tahadhari, nami kama mtu wa isimu nimekipenda kwa sababu ni kisa cha jina. Mwaka 2001 Mitchell Lazar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitangaza homoni nyingine ya mafuta, wakaibatiza jina litokanalo na ukinzani wenyewe: hii ndiyo inayozifanya seli zikaidi insulini. Katika panya, hoja ilisimama vizuri. Kwa binadamu ikadhihirika kwamba rezistini hutoka zaidi katika chembe nyeupe za kinga kuliko katika seli za mafuta, na uhusiano wake na kisukari ukawa wa mashaka. Jina limebaki, likidai lile ambalo kitu chenyewe hakijalithibitisha.

Majina hufanya hivyo. Hebu tuliangalie letu. Kiswahili kina desturi ya kuyaita maradhi kwa kiambishi ki-: kifafa, kichocho, kipindupindu, kifaduro, na katika safu hiyo tukamweka kisukari. Wasomali husema sonkorow, kutokana na sonkor, yaani sukari. Au husema macaan, neno lenye maana ya utamu. (Kwa wasomaji wasiokijua Kisomali, herufi c katika neno hilo ni ile ain ya Kiarabu, kwa mujibu wa maandishi rasmi ya Kilatini yaliyoanza kutumika mwaka 1972.) Waganga wa kale wa Bara Hindi waliutaja mkojo wa asali, na neno la Kilatini linaloandamana na jina la kitabibu la ugonjwa huu linahusu asali vilevile. Watu wa nchi mbalimbali, bila ya kuulizana, waliona alama moja wakaitia jina. Lakini alama si asili. Utamu wa mkojo ni moshi. Moto unawaka kwingine.

Sisemi haya kwa kupenda mjadala wa maneno. Mfikirie muuguzi kijana katika zahanati ya mjini Garissa anayemwambia mzee, "Adeer, una sukari." Mzee humjibu kwa utulivu kwamba ameiacha sukari ya chai tangu Ramadhani iliyopita, na hasemi uongo. Kwa ufahamu wake ameutii ushauri wote uliomo ndani ya jina la ugonjwa. Sahani ya wali iko pale pale, baasto iko pale pale, mwendo wa miguu umekwisha tangu alipohamia mjini, na mkanda wake umesogea matundu mawili. Hakuna lolote kati ya hayo lililotajwa katika neno kisukari, wala sonkorow, wala macaan. Akipungukiwa na nguvu ya macho au kidonda cha mguu kikikataa kupona, atashangaa kwa haki.

Kiswahili chetu kina lawama nyingine. Mnyama hunona na mtu hunenepa, ila katika sifa tumeyachanganya. Mtu aliyeongeza mwili huambiwa amenawiri. Aliyekonda huulizwa kwa huruma ana mashaka gani. Katika nchi ambamo ukame umemaliza mifugo mara nyingi, salamu hiyo ina historia, nami siibezi. Hata hivyo uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban asilimia 27 ya Wakenya wazima walikuwa na uzito uliopita kiasi, wanawake wakiwazidi wanaume kwa takriban maradufu. Duniani, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria watu wazima milioni 589 wenye ugonjwa huu mwaka 2024.

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba hayo ni ya Nairobi na Mombasa, si ya Kaskazini Mashariki, ambako habari tunazozisikia ni za njaa. Ndipo hoja inapokuwa nzito. Chakula cha mfugaji kilikuwa maziwa, nyama na samli, na kazi yake ilikuwa kutembea kutwa. Ukame wa mwaka 2011, na ule wa kuanzia 2020 hadi 2023 ambapo misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, uliwaondolea watu wengi mifugo na kuwasukuma kandokando ya miji. Mjini hula kile kinachofika kwa lori: unga mweupe, mchele, mafuta ya kupikia, sukari, na baasto, ambayo Wasomali waliichukua kutoka kwa watawala wa Kiitalia na kuiondolea p, kwa kuwa lugha yao haina sauti hiyo. Chai iliyokolea sukari ndiyo adabu ya kumpokea mgeni. Mwili uliozoea kwenda sasa umekaa.

Na njaa yenyewe si kinga. Mwaka 2024 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa rekodi za watu zaidi ya milioni 10 waliozaliwa Ukraine katika miaka ya 1930 hadi 1938. Wale ambao mama zao walikuwa katika miezi ya kwanza ya ujauzito wakati wa kilele cha njaa kuu ya 1932–33 walikuja kupata kisukari cha aina ya pili kwa zaidi ya mara mbili ya wenzao. Mwili unaofinyangwa tumboni wakati wa dhiki hujiandaa kwa dunia ya dhiki. Ukiletewa shibe, huelemewa. Sijui mwalimu wa Garissa anayeweza kuisoma habari hiyo bila ya kuwakumbuka watoto waliozaliwa mwaka 2011, ambao leo wamo madarasani mwake. Fauka ya hayo, mwaka 2025 Shirikisho nililolitaja lilitambua rasmi aina ya tano ya kisukari, ile inayohusishwa na utapiamlo na inayowapata vijana wembamba.

Kwa hiyo ile kauli kwamba mtu mwembamba hapati sukari haina msingi. Upo hata ugonjwa adimu ambapo mtu huzaliwa akiwa karibu hana mafuta mwilini kabisa, naye hupata ukinzani mkali wa insulini na kisukari kibaya, kwa sababu mafuta yanayokosa ghala huhamia katika ini na misuli. Wagonjwa hao hawana leptini ya kutosha, na wanapopewa ile iliyotengenezwa maabarani hupata nafuu. Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 2014. Kumbe mafuta si adui. Tatizo ni pale yanapokosa pahali pake, ama kwa ghala kutokuwako, ama kwa ghala kufurika. Mfugaji atalielewa jambo hili upesi kuliko mtu wa mjini, maana anajua tofauti ya nundu iliyojaa na ini lililojaa mafuta.

Nitasema neno moja kuhusu maziwa ya ngamia, kwa kuwa kila ninapoigusa mada hii mbele ya watu wa kaskazini huulizwa. Watafiti wa Bikaner, katika jimbo la Rajasthan nchini India, waliwapa wagonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza maziwa hayo kila siku, na baadhi yao walihitaji insulini kidogo zaidi kuliko awali. Walikuwa wagonjwa wachache, nao waliendelea kudungwa insulini chini ya uangalizi wa madaktari. Aliyesikia nusu ya habari akaitupa sindano yake amejiweka hatarini. Mgonjwa wa aina hiyo akikosa insulini hufa.

Basi tuseme nini darasani? Maneno tunayo. Ukinzani wa insulini unaeleweka na mwanafunzi wa kidato cha kwanza; homoni na kongosho zimo vitabuni; adiponektini ni ndefu lakini haizidi sana mitokondria, ambayo wanafunzi huitamka bila ya kulalamika. Ninalopendekeza ni kwamba mwalimu anapolitamka neno kisukari alitamke pamoja na kitambi, na amweleze mwanafunzi kwa nini. Mwanafunzi huyo ndiye mfasiri wa nyumbani. Ndiye anayemsomea bibi yake karatasi ya hospitali iliyoandikwa kwa Kiingereza na kumweleza kwa Kisomali, na akikosea yeye hakuna wa kumsahihisha.

Adiponektini haipimwi katika zahanati zetu za kawaida, wala hakuna haja. Utepe wa fundi cherehani unatosha kuanzia. Kigezo kilichowekwa na Shirikisho la Kimataifa mwaka 2005 kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara, kwa kuazima takwimu za Wazungu, ni sentimita 94 kiunoni kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Tafiti za baadaye barani Afrika zimependekeza kwamba kwa wanaume kiasi hicho kishushwe. Utepe hupitishwa katikati ya ubavu wa chini kabisa na mfupa wa nyonga, mtu akiwa amesimama wima na ametoa pumzi, bila ya kuubana mwili na bila ya nguo nzito. Kwa kina mama, apime mwanamke mwenzao, faraghani.