Kozi za intaneti: Michoro kwanza, kamera baadaye

Mwekezaji anayeombwa fedha za kutengeneza kozi ya kuuzwa kwenye intaneti adai kuona vitu viwili kabla ya kulipia studio: michoro ya mfuatano na sampuli ya somo moja.

Michoro hiyo ilianzia kwenye studio ya Walt Disney, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1930, ambako picha za filamu zilibandikwa ukutani kwa mpangilio wa hadithi. Katika kozi, kila mchoro huonyesha kitakachokuwa kwenye skrini, maneno yatakayosomwa na kitufe atakachobonyeza mwanafunzi. Kosa likionekana hapo, dawa yake ni raba. Likionekana baada ya kurekodi, msomaji, mpigapicha na mhariri wote hurudi kazini, na wote hulipwa tena.

Sampuli si lazima ipendeze. Ifanye kazi tu kwenye simu ya kawaida, kisha ijaribiwe na wanafunzi halisi. Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya kompyuta, aliandika mwaka 2000 kuwa watu 5 hutosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro. Mtengenezaji anayeficha sampuli kwa kisingizio cha siri ya biashara alipwe kwa awamu, na ya kwanza isizidi gharama ya michoro.