Maandishi Baina ya Mwenye Biashara na Mtumishi Wake

Mpunga unapovunwa katika bonde la Kilombero, mashine za kukoboa za Malinyi huunguruma tangu asubuhi. Mwenye mashine, kama alivyo mwenye duka au mkahawa, huhitaji msaidizi. Humchukua mpwa wake au kijana wa jirani, wakapatana kwa maneno tu. Miezi hupita kwa salama. Kisha kijana huumia mkono kwenye ukanda wa mashine, au ujira hubishaniwa, na watu wa ukoo mmoja huwa mahasimu.

Wako wanaodhani ya kwamba sheria za kazi ziliwekwa kwa ajili ya viwanda vikubwa na mashamba ya miwa. Sivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, humhusu hata mwenye mfanyakazi mmoja, wala undugu haumtoi mtu katika wajibu huo.

Kwanza, biashara yenyewe iwe halali: iwe na namba ya mlipakodi kutoka Mamlaka ya Mapato, na leseni kutoka Halmashauri ya Wilaya. Ikiwa inaitwa kwa jina lisilo la mwenyewe, jina hilo liandikishwe BRELA.

Pili, mfanyakazi anapoanza kazi apewe maandishi yenye jina na umri wake, kazi yake na mahali pake, tarehe ya kuanza, muda wa mkataba, saa za kazi na ujira. Asiyeyaelewa aelezwe mpaka afahamu. Ni kibarua afanyaye kazi chini ya siku 6 kwa mwezi kwa mwajiri mmoja tu asiyehusika na sharti hili. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na mtoto aliye chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa.

Tatu, mwajiri ajiandikishe katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, ambako mchango ni asilimia 20 ya ujira, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya asilimia 10. Ajiandikishe pia katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mchango wa mfuko huo hutoka kwa mwajiri peke yake, nao ndio humfidia mtu aliyeumia kazini.

Pengine mtu atauliza: "Karatasi ya nini baina yangu na mtoto wa dada yangu?" Na ajue ya kuwa aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, ya 282 ya Sura Al-Baqarah, inahusu kuandikiana madeni, nayo inatuonya tusichoke kuandika, deni likiwa dogo au kubwa. Na ujira wa kazi iliyokwisha kufanywa ni deni.

Sheria nayo yasema ya kwamba likitokea shauri, mwajiri asiyeweza kutoa maandishi ndiye abebaye mzigo wa kuthibitisha mapatano. Kijana akidai mlipatana shilingi laki mbili, nawe wasema laki moja, utathibitisha kwa nini?

Basi, enyi wenye biashara, andikeni siku ya kwanza, mkiwa bado mnapendana. Nanyi vijana, yaombeni maandishi hayo kwa adabu, na myahifadhi. Kuandika si kutoaminiana, bali ni kulinda udugu usiharibiwe na fedha. Mwenyezi Mungu atujaalie kutimiza ahadi zetu. Amin.