Mwarobaini wa Uani na Mbwa Ajikunaye

Mbwa wetu, koko wa rangi ya mchanga alindaye ua wetu hapa Tanga kwa mwaka wa sita sasa, alipoanza kujikuna usiku kucha hata usingizi ukatutoka sote, jirani mmoja mwenye nia njema alinihimiza nimpake oili chafu ya gari. Nilikataa, na nitakataa daima. Kwani mbwa hujilamba, na uchafu ule, sawasawa na mafuta ya taa, humbabua ngozi kisha ukamwingia tumboni kuwa sumu. Sisi tuliosimuliwa chuoni habari za yule mtu aliyeshuka kisimani, akamtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, na Mwenyezi Mungu akamghufiria, hatuna udhuru wa kumtesa hayawani kwa jina la kumtibu.

Dawa niliyoiendea ilikuwa imesimama papo hapo uani: mwarobaini, mti uliotujia kutoka Bara Hindi, nao watu wa pwani wakauita hivyo kwa kuamini kwamba huponya maradhi arobaini. Katika mbegu zake mna azadiraktini, kemikali iliyotengwa na wataalamu wa Uingereza mwaka 1968, ambayo huwazuia wadudu wasile wala wasikue. Mimi huchemsha konzi mbili za majani mabichi katika maji ya lita 3 hivi, nikayaacha yapoe hata yawe vuguvugu, maana maji ya moto huzidisha mwasho, kisha nikayachuja kwa kitambaa. Humlowesha shingo kwanza, ili viroboto wasikimbilie kichwani, ndipo nikashuka mgongoni, tumboni na mapajani, nikiyahadhari macho. Nikimaliza humfuta bila ya kumsuuza. Sabuni ya kufulia siitumii kabisa, kwa kuwa ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko yetu, nayo hukauka upesi. Wala maji hayo hayanyweshwi.

Pale alipojikuna hata akajichubua, hupaka ute wa mshubiri. Hapa pana jambo ambalo aghalabu watu hughafilika nalo: jani likishakatwa hutoa utomvu wa manjano, ambao ndio shubiri yenyewe, ile ya kupigiwa mfano kwa uchungu, na mbwa akiulamba huendesha vibaya. Basi jani nalisimamisha hata utomvu umalizike kuchuruzika, nalimenya, nautwaa ule ute mweupe wa ndani peke yake, na baada ya kumpaka nakaa naye mpaka ukauke. Mafuta ya nazi nayo hulainisha ngozi iliyokakamaa. Yatosha kidogo tu, kwani ataramba.

Walakini dawa hizi zote hutuliza tu, na maadamu kinachomwasha mnyama hakijaondolewa, mwasho utarejea. Kiroboto hutaga mayai juu ya mbwa, nayo yakadondoka kwenye gunia alalialo na katika vumbi la banda, yakaangua mabuu, na mabuu yakajifunga katika vifuko ambamo huweza kungoja kwa miezi. Kwa hiyo siku ya kumwosha mbwa ndiyo siku ya kulifua gunia kwa maji ya moto na kulianika juani, na ya kufagia banda hata pembeni.

Tena upo upele uletwao na vijidudu visivyoonekana kwa macho, vichimbavyo ndani ya ngozi: manyoya hunyonyoka kwenye kingo za masikio na viwiko, magamba yakafanyika, na mara nyingine watoto wa nyumbani wakaanza kuwashwa mikono. Hapo majani hayafai kitu. Bwana mifugo aitwe siku hiyo hiyo, achukue ukwangu wa ngozi, autazame kwa darubini, atoe dawa yake, na watoto wasimshike mbwa mpaka apone.