Kitanda Ndani ya Gari: Safari ya Kimilili

Kutoka Mombasa hadi Kimilili, mji wa biashara ulio chini ya Mlima Elgon katika Kaunti ya Bungoma, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 800. Kwa familia yenye wazee na watoto wachanga, huo si mwendo wa siku moja. Kwa hiyo wakwe zetu walipotualika arusini, tuliazimia kulala njiani, ndani ya gari letu wenyewe.

Lilikuwa Toyota Hiace kuukuu, lililowahi kuwa matatu ya abiria 14. Fundi aling'oa viti vya nyuma, akaunda kitanda cha mbao chenye nafasi ya mizigo chini yake. Tukatandika godoro, tukatundika mapazia kwa ajili ya stara, tukapakia madumu ya maji ya kunywa na ya udhu. Viti vya mbele na vya kati, vyenye mikanda, tuliviacha; kwani gari likienda kila mtu huketi, na kitanda ni cha gari lililosimama.

Faida yake kubwa ni hii: dereva akisinzia, hana udhuru wa kuendelea. Tulipopita Salgaa tulikumbuka usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori vilipogongana Migaa na watu 36 wakafariki. Baada ya msiba huo, serikali ilisimamisha kwa muda safari za usiku za mabasi ya masafa marefu.

Lakini kitanda hicho kina hatari yake. Usiku wa Kimilili una baridi tusiyoizoea sisi watu wa pwani, na mmoja wetu alitaka jiko la makaa liingizwe ndani, watoto wapate joto. Tulikataa. Makaa yanayowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo humuua mtu usingizini. Vivyo hivyo injini isiachwe ikinguruma watu wakiwa wamelala.

Mtume wetu (s.a.w.) alituusia kuzima moto kabla ya kulala, na akawaagiza wasafiri wanaotua usiku wajitenge na njia. Basi, wazazi wenzetu, mkisafiri namna hii, egesheni mbali na barabara, penye watu na ulinzi. Jiko libaki nje, dirisha liachwe wazi kidogo, na baridi ikizidi, ongezeni blanketi.